Jina Langu na Unga wa Uyoga

Wifi yangu Anne aliniambia, mbele ya wanawake waliopanga madumu kwenye bomba la Misiera, kitongoji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwamba mume wangu amenisahau kwa sababu mimi si mtu wa kukumbukwa.

"Miye ananijua," alisema huku akijipiga kifua. "Miye dada yake. Weye ulikuya nyuma, na nyuma njo fasi utabakia."

Wanawake wakacheka. Mmoja alijifanya anakohoa, lakini kicheko nakijua nikikisikia. Nilibeba dumu langu likiwa nusu nikaondoka, maana ningebaki pale ningemmwagia Anne maji yote na dumu lenyewe ningemvika kichwani. Hata jina langu hakuwahi kulitaja, tangu nilipoolewa na kaka yake. Kwake mimi nilikuwa "weye" basi.

Nieleze vizuri. Mume wangu Appolinaire alianguka kutoka juu ya lori la mahindi kwenye barabara ya Isingiro, mwaka 2012. Kichwa kilipasuka, kikashonwa, kikapona kwa nje. Alijua kulima, alijua kula, alijua hata nyimbo za kanisani tulizoimba kwetu Rutshuru, Kongo, kabla ya vita kutufukuza. Watu ndio waliomtoka. Nikimpa uji alipokea kwa mikono miwili, akaniangalia jinsi unavyomwangalia mtu mliyesimama naye kwenye foleni ya posho, kisha akasema, "Aksanti, mama."

Mama! Mimi sina mtoto. Wazazi wangu walibaki kwetu, ardhini, na ndugu zangu sijui walikimbilia wapi. Katika dunia hii nzima aliyenijua nikiwa msichana, aliyejua kwamba nikichekeshwa nilikuwa nakaa chini kabisa, alikuwa Appolinaire peke yake. Kama kichwa chake kimenifuta, basi yule msichana hayupo tena popote. Nilitaka jina langu litoke mdomoni mwake. Sikuomba zaidi ya hapo, na kwa hilo nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

Wa kugombana naye sikumtafuta mbali. Anne aliishi upande wa pili wa ua wa matete, hatua chache kutoka mlangoni kwetu. Kila asubuhi nikitoka ndani kuwasha moto, Appolinaire alishakuwa nje, na nilimsikia akiita kwa nguvu, "Anne!" Naye Anne aliitika kwa nguvu kuliko yeye, ili nisikie vizuri. Nilichukia asubuhi zangu zote kwa sababu ya sauti zile mbili.

Baada ya mavuno ya maharage akaja Daktari Byaruhanga kutoka Mbarara. Alikuwa daktari wa jeshi zamani, na hata alipostaafu alitembea kama anayekagua gwaride. Kiswahili chake kilikuwa cha kambi za jeshi, cha kuamrisha. Alitukusanya chini ya turubai la kanisa, sisi wenye wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, wazee na walioumia vichwa. Nyuma yake nesi wake Kobusingye alipanga mikebe mezani, mingine ya kifuniko cheupe, mingine ya kijani.

"Hii iko unga ya uyoga," alisema. "Uyoga iko chakula ya ubongo. Watu mingi nasema, lakini hakuna nataka kupima. Mimi nataka kupima. Mukebe ingine iko uyoga. Ingine iko unga ya bure, haina kitu. Nani napata gani, hapana uliza. Hata mimi sijui sasa."

Nilicheka kwa uchungu. Uyoga nimeula tangu utoto, ule wa kwenye vichuguu baada ya mvua, na sikuona kwetu mtu aliyekuwa na akili za kutisha. Lakini mkebe niliuchukua. Ulikuwa wa kijani. Angenipa mchanga na kuniambia utamrudisha mume wangu, ningeupika mchanga.

Uyoga ule ulilimwa na kusagwa na mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, Bi Zuhurah, mwenye mabanda ya giza ambamo uyoga huota kwenye mifuko ya pumba za pamba. Yeye ndiye aliyegharamia uchunguzi. Sisi hatukumwona. Tulimwona daktari tu, na kanuni yake.

"Kila mwezi mimi nakuja, nauliza mutu yako maswali," alisema. "Yale yale. Kama akili narudi, yeye naendelea kula. Kama hapana endelea, natoka. Mimi hapana taka kupoteza unga ya watu. Mumeelewa?"

Tulielewa. Shida ni kwamba tulielewa kwa namna ya Nakivale. Hapa kwetu, mtu mwenye gari akikuuliza wewe ni nani, umetoka wapi, nani alikufa kwanza, swali si mazungumzo. Ni mlango. Ukijibu sawasawa, na mwaka ujao ukajibu vile vile bila kupindisha neno, unaweza kuitwa siku moja ukapande ndege uhamie Amerika. Ukikosea, umebaki. Kwa hiyo watu hujifunza. Baba huwakalisha watoto akawauliza, bibi kizee hukaririshwa majina ya wajukuu. Na mwalimu mkuu wa mambo hayo Misiera nzima alikuwa nani, kama si Anne? Familia zilimletea sukari na sabuni. Aliwaweka kwenye kigoda, akawauliza kwa mpangilio, na aliyekosea alimfinya mkono mpaka apatie. Kuna watu wako Amerika leo kwa sababu ya vidole vya Anne. Yeye mwenyewe hakuitwa kamwe, na nadhani ndiyo maana alikuwa mkali vile.

Hayo yote niliyajua. Kichwani mwangu hayakukutana na mambo ya daktari, basi.

Daktari alisema mke ndiye atakayempa mgonjwa unga. Anne akatema mate pembeni. Kila jioni alisimama kwenye ua kunichungulia nikikoroga uji.

"Unaunguza dawa," alisema. "Moto mingi inaua uyoga."

"Kapike yako kwako."

"Kama hatapona, ni weye."

"Na kama atapona?"

Akarudi kwake. Mchana nilishinda shambani ng'ambo ya kilima, na yeye ndiye aliyebaki na kaka yake. Hilo sikuweza kulizuia. Akiachwa peke yake, Appolinaire alitembea mpaka ziwani na hakujua kurudi. Nikirudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda, amechoka, anajisugua mkono. Nilidhani ni mbu.

Mara ya kwanza na ya pili daktari alipouliza, Appolinaire alijua jina lake mwenyewe na la dada yake, basi. Daktari alinung'unika. "Mutu yako nakula kweli? Ao wewe nauza unga sokoni?" Nilimpa vidonge vyake papo hapo, nikamwambia mimi si mwizi, na kama anataka wezi awatafute kwenye ghala la posho. Kobusingye akainamisha kichwa ili asionekane anacheka.

Mara ya tatu nilikaa kuume kwa mume wangu kwenye benchi la kanisa, nikijua tukikosa tena tunatolewa.

"Jina yako?"

"Appolinaire."

"Wewe natoka wapi?"

"Rutshuru."

"Sasa uko wapi?"

"Nakivale, Misiera."

"Nani nakuleta leo?"

"Dada yangu, Anne."

"Na huyu mama mukono ya kulia, nani?"

"Ni bibi yangu, Mukarukundo."

Jina langu. Lote. Nililia pale pale, tena si kwa kujizuia, nililia kwa sauti kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Daktari akapiga meza kwa kiganja, akamwambia Kobusingye, "Andika! Andika!" Anne alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, ananitazama.

Nilimfuata nikamsogelea usoni. "Ulisema miye si mutu wa kukumbuka. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema.

Hilo tu. Nikajua nimemshinda. Kesho yake nilikwenda bombani mapema kuliko wote, nikabaki mpaka wa mwisho, na kila mwanamke aliyecheka siku ile nilimsimulia jinsi mume wangu alivyotamka jina langu, na wengine niliwasimulia mara mbili.

Nyumbani, hata hivyo, uji ulipokelewa vile vile. "Aksanti, mama." Nikimuuliza, "Miye ni nani?" aliangalia pembeni kama anayetafuta mtu wa kumsaidia. Nilijiambia uyoga hauna haraka. Nilijiambia jina limeshaingia, sasa linatafuta njia ya kutoka. Mtu mwenye hamu hukubali maelezo yoyote, hasa anayoyatunga mwenyewe. Kila daktari alipokuja jina lilitoka, na mimi niliishi kwa siku hizo.

Mwisho daktari alifungua siri ya mikebe. Kijani ndiyo uyoga. Akaja mbio na gari lake, uso unang'aa, akasema anampeleka Appolinaire Mbarara ili Bi Zuhurah amwone, na watu wengine wakubwa, madaktari, wafanyabiashara, hata maofisa wa jeshi kutoka barakisi na wake zao. Kutoka hapo uyoga utapimwa kwa watu wengi zaidi. "Mutu yako," aliniambia, "nafanya mimi furaha sana." Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami bila kufoka.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya maduka, viti vya plastiki, soda mezani. Appolinaire alikalishwa mbele, peke yake, na viti viwili vitupu, kimoja kuume na kimoja kushoto. Nilikuwa naelekea kukaa wakati Anne aliponishika kiwiko.

"Kaa kuume," alisema.

"Niache."

"Kaa kuume kwake, nakuambia. Usikae fasi ingine."

Damu ilinipanda. Mbele ya watu wote wale, wake za maofisa na vitambaa vyao vya hariri, ananipangia pa kukaa na mume wangu kana kwamba mimi ni mgeni niliyepotea. "Hunifundishi fasi ya kukaa na bwana yangu," nilimwambia. "Leo ni siku yangu. Weye kaa nyuma."

"Weye hujui kitu! Kaa kuume!"

Nikakaa kushoto. Nilikaa kwa nguvu mpaka kiti kikalia. Anne alishika mdomo. Akataka kuja kunivuta, lakini Bi Zuhurah alishaingia, mama mnene mwenye buibui jeusi na harufu ya udi, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye shughuli, akakaribishwa mbele. Akakaa kwenye kiti kilichobaki. Kuume.

Daktari alisimama akiwaangalia wageni, mgonjwa akiwa nyuma yake. Alihutubia juu ya ubongo na uyoga, kisha akaanza kuuliza bila hata kugeuka, kama mtu anayeonyesha mashine aliyoizoea. Jina yako? Wapi natoka? Appolinaire alijibu kwa sauti safi. Watu walitikisa vichwa kwa kupendezwa. Nani nakuleta leo? Dada yangu, Anne.

"Na huyu mama mukono ya kulia, nani?"

"Ni bibi yangu, Mukarukundo."

Wengine walianza kupiga makofi, kisha makofi yakafa. Mke wa ofisa mmoja akaangua kicheko. Bi Zuhurah aligeuka polepole.

"Banange, jamani," alisema. "Mimi?"

Daktari akageuka. Aliona nani amekaa wapi. Akatabasamu vibaya, akauliza tena, na Appolinaire, bila kusogeza shingo, akajibu tena: bibi yangu, Mukarukundo. Daktari akamvuta Kobusingye, akamsimamisha pale pale kuume, akauliza. Nesi naye akawa Mukarukundo.

Mimi niliinuka. Sijui nilivyofika mbele yake. Nilipiga magoti ili uso wangu uwe sawa na wake. "Appolinaire. Niangalie. Miye ni nani?"

Aliniangalia. Alinitabasamia kwa upole, akaninong'oneza kama anayeniepusha na aibu.

"Maulizo imekwisha, mama. Ile ilikuwa ya mwisho."

Kisha daktari akapaza sauti. "Nani nafundisha yeye? Nani?" Alinielekea mimi, mishipa ya shingo imesimama. Wakati ule ule ndipo nilipokuwa naelewa mwenyewe: kigoda, mkono uliosuguliwa, mchana wote ule.

"Ni miye," Anne alisema kutoka nyuma.

"Wewe naharibu kazi yangu! Mwaka muzima! Wewe mujinga?"

Anne alikuja mbele. Mambo mengi nimeyasema kuhusu yule mwanamke, lakini woga hana. "Weye njo ulisema mwenye hajibu anatoka," alimwambia. "Si weye? Kwetu kule, mwenye kuuliza maulizo anatafuta mutu wa kufukuza. Ningemuacha bamufukuze? Ungesema unataka kujua tu, ningekuambia siku ya kwanza: hajui kitu, hajui mutu."

"Na wale wengine wa kijani?" Kobusingye aliuliza taratibu. "Mzee Kabanda? Mzee Mutware?"

Anne aliinua mabega. "Balikuya kwangu vilevile. Bote."

Daktari alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Hakufoka tena. Kama ni uyoga uliofanya kazi au ni vidole vya Anne, hakuna ambaye angeweza kusema, na mpaka leo sijui unga ule unafanya nini ndani ya kichwa cha mtu.

Bi Zuhurah ndiye aliyetumaliza. Alisimama, akajifunika vizuri. "Mimi niko na mama yangu nyumbani," alisema, na sauti yake ilikuwa na chuki ya kweli. "Kila asubuhi ananiuliza bei ya sukari. Anafikiri mimi ni mwenye duka. Nilikuwa nimempangia kuanza kula huu unga kesho. Mumenichezea. Daktari, ondoa hawa watu mbele yangu."

Tuliondolewa. Dereva alitupakia bila neno, akapita migomba ya Isingiro na ng'ombe wenye pembe ndefu kama anakimbizwa. Appolinaire katikati, mimi na Anne kila mmoja akitazama dirisha lake. Alikuwa anaimba chini chini, ametosheka, mtu aliyejibu yote.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima tulipofika. Nilikoroga uji kwa yale mabaki ya unga, kwa hasira tu, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya. Anne akapita penye ua akasimama mbele ya moto wangu. Hapo nilimfungulia mdomo.

"Umenifanya mupumbavu. Nimetembea Misiera yote na kichwa juu, nasema bwana yangu ananikumbuka! Ulikuwa unacheka, eh? Usiku ulikuwa unacheka?"

"Sikucheka."

"Kwa nini uliweka jina yangu? Ungeweka yako mara mbili! Weye si anakujua? Si kila asubui anakuita mpaka wafu basikie? Ulikuwa na yako, ukaniachia uongo!"

Nilingoja anirudishie, nilikuwa nataka anirudishie, nilikuwa na maneno mengine nimeyaweka tayari. Anne alitazama sufuria.

"Mukarukundo," alisema.

Nilishtuka kuliko siku ile kanisani.

"Jina yangu njo nilianza nayo," alisema. "Mbele ya yako. Tangu alianguka, miye vilevile nilikuwa 'mama' kwake. Nilimufinya mingi. Kila asubui mbele ya weye kuamuka nilikuwa napita kwenye matete, namufinya, mpaka aite."

Nilitafuta la kumtukana sikulipata. Nilimwona tu amesimama pale alfajiri upande wa pili wa matete, anaitika kwa nguvu jina alilolifundisha mwenyewe.

Nikamsukumia kigoda kwa mguu. Sikumwambia akae, akakaa. Nilichota uji, yeye akaushika mkono wa kaka yake, mimi nikamwekea bakuli.

Appolinaire alipokea kwa mikono miwili, akatuangalia sote wawili kwa adabu.

"Aksanti, bamama," akasema.